Seva Nane za Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Juni

Ushindi! Ushindi mkubwa, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi wetu, Mama Verediana, alisema kituo kinahitaji Mkuu wa Mitambo mmoja tu, na wanaofikiriwa ni wawili: mimi, Jailos Kalinga, na Obeid. Mmoja atakalia kiti hapa Iringa. Mwingine atahamia Mbeya kukaa na seva zetu nane, zile zinazopiga hesabu za mvua na viazi kwa wakulima wa huku juu. Obeid akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kisomi. Nikamuwahi. Nikasimama. Nikasema hakuna haja ya mtu yeyote kuhamia Mbeya, kwa sababu seva zile zinasimamika kwa mbali.

Vichwa vyote vikanigeukia.

Nikawaeleza. Ndani ya kila seva kuna kompyuta ndogo ambayo hailali maadamu waya wa umeme uko ukutani. Seva kubwa ikifa, hii ndogo iko macho. Ina tundu lake yenyewe la waya wa mtandao, lenye alama ya spana. Mtu akiwa Iringa, au Idodi, au popote pale, anaongea na hii ndogo, nayo inaiwasha kubwa, inaizima, inaipima joto. Mimi naiita Mnyapara. Watu walicheka. Jina limeshika.

Mama Verediana akasema vizuri, Kalinga, Ijumaa saa nne bodi itakuwa hapa, utatuonyesha. Ukiweza, kiti ni chako na hakuna anayehama. Ukishindwa, Mbeya utakwenda wewe. Nikasema Ijumaa ni mbali mno, lakini nitavumilia.

Nikarudi mezani kwangu, nikawaita Wanyapara. Hakuna aliyeitika. Wa kwanza kimya, wa pili kimya, mpaka wa nane. Seva zenyewe zinachapa kazi, hesabu zinakwenda, ila Wanyapara wote kama wamehama mji. Kusema kweli sikuwahi kuwajaribu kabla ya leo. Mtu mwenye imani hajaribu.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Sekela. Akafurahi! Akasema nikihamishiwa Mbeya nitakaa kwa mama yake, maana mkwe kupanga chumba mjini wakati nyumba ya mama ipo ni tusi. Nilishakaa kule Krismasi. Mama mkwe ni Mnyakyusa wa zamani, anashika adabu za ukwe barabara. Yeye akiwa sebuleni, mimi siingii. Mimi nikiwa uani, yeye hatoki. Hatutazamani, hatuli pamoja, hatupishani mlangoni. Maji ya kunywa yalikuwa sebuleni. Nilikaa na kiu sikukuu nzima.

Siendi Mbeya. Ng'o.

Jumanne, 17 Juni

Ufunguo wa chumba cha seva kule Mbeya anao nani? Mama mkwe! Mimi mwenyewe ndiye niliyempatia kazi ya kutunza jengo lile mwaka jana, ili anipende. Wenye akili tunapanda mapema. Leo ni kuvuna.

Mpango: Mama aangalie kama zile waya nyembamba zimechomekwa kwenye matundu ya spana. Basi. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Sekela akapiga simu. Wakaongea Kinyakyusa, wakacheka sana, halafu akanikabidhi simu kabla sijajiandaa. Nikapiga goti pale pale jikoni, ingawa Mama yuko Mbeya na hanioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Blessing." Blessing ni binti yetu, yuko shule ya bweni.

"Samahani, Mama. Eti zile waya nyembamba za kule nyuma, zinaendeleaje?"

"Hazijambo, Baba. Tunamshukuru Mungu."

"Ndaga fijo, Mama."

Nikiisha kushukuru hivyo kwa Kinyakyusa, nikarudisha simu. Sekela akauliza mbona sikuuliza kama zimechomekwa au hazikuchomekwa. Nikamwambia mkwe hahojiwi. Ukimwuliza mara ya pili umemwita mwongo. Nikamwomba aulize yeye, ni mama yake. Akauliza. Jibu likaja kwamba kila kitu kiko safi, Mama anapangusa chumba kila siku ya Mungu. Safi! Safi siyo jibu la kifundi. Lakini nani wa kumwambia?

Obeid leo kaleta ofisini mto wa kukalia, kauweka kwenye kiti cha Mkuu wa Mitambo, eti ajaribu kama unaenea. Nikaukalia mimi mpaka saa ya kutoka. Hakupata nafasi ya kujaribu. Mto ni laini sana. Siku imeisha kwa ushindi.

Jumatano, 18 Juni

Mpango mpya, wa jana ulikuwa wa kitoto. Niende Mbeya kimyakimya, nichomeke waya kwa mkono wangu, nirudi, halafu Ijumaa niseme nimefanya yote kwa mbali. Nani atajua? Alfajiri nikamtumia Mama Verediana ujumbe: tumbo limenikamata, siamki kitandani. Kulipopambazuka nilikuwa ndani ya basi, skafu ya Sekela kichwani, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya siri.

Basi likasimama Nyololo, watu wakachimbe dawa. Nikashuka. Mishikaki ya Nyololo huwezi kuipita hivi hivi. Nikanunua, nikang'ata mara moja, nikasikia naitwa kwa nyuma. Mama Verediana! Kumbe alilala msibani Makambako, sasa anarudi Iringa, gari limesimama anunue viazi.

Akatazama mishikaki. Akatazama skafu. Akauliza tumbo linaendeleaje. Nikamwambia nimesikia hapa Nyololo kuna bibi anatoa dawa ya tumbo. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, shida niliusema nyama ikiwa mdomoni.

Sasa huyu mama tatizo lake ni huruma. Mtu mwingine angenifukuza kazi. Yeye alininyang'anya mishikaki, akampa dereva wake, akasema mwenye tumbo asile vitu vya kuchoma. Akanipakia kwenye gari lake, kiti cha mbele nisitapike, akanirudisha Iringa mpaka mlangoni kwangu. Kila tukipanda mlima nanyweshwa uji wa ulezi kutoka kwenye chupa ya chai. Dereva alikuwa anatafuna mishikaki yangu polepole, makusudi.

Basi langu limekwenda Mbeya bila mimi. Kofia yangu imekwenda nalo. Lakini tuangalie mambo kwa jicho la mtu mzima: gari la mkurugenzi limepita mbele ya ofisi, mimi nimekaa mbele kama mkuu wa mkoa, na Obeid alikuwa dirishani. Mdomo ulimwanguka. Kuna watu wanafanya kazi miaka yote hawajapata siku kama hii.

Alhamisi, 19 Juni

Ni furaha!

Asubuhi nilikuwa bado mgonjwa rasmi, kwa hiyo niko nyumbani. Kesho bodi. Wanyapara kimya. Nilizunguka jikoni mpaka Sekela akasema namtia kizunguzungu. Akasema kwa nini tusipige simu ya video, Mama atuonyeshe chumba, mimi nijifiche nyuma ya pazia nichungulie. Wazo lilikuwa na kasoro. Nikaliboresha: nikajificha chini ya meza, ambako kuna joto zaidi. Kwa hiyo sasa ni wazo langu.

Mama akafungua mlango wa chumba cha seva, akaelekeza simu ndani, na Sekela akaishusha yake kidogo nione. Nikagonga kichwa kwenye meza.

Seva zangu zimevishwa! Zote nane, kwenye shelfu zake, kila moja na kitambaa chake cha kufuma kama kochi la mtu mwenye adabu. Ya kwanza nyekundu yenye maua meupe. Ya pili kijani. Nyingine buluu, nyingine zambarau, ya mwisho njano yenye pindo la nyota. Vimeshuka mbele na nyuma, matundu yote ya hewa yamefunikwa. Mama alianza kufuma tangu Pasaka, vumbi lisiwaingie watoto wake. Na zile waya nyembamba? Zilikuwa zinainua kitambaa kwa nyuma, kikawa hakikai vizuri. Alijaribu kuchomoa mmoja, mashine haikulalamika. Akachomoa zote, akazifuta, akazikunja, akazihifadhi kwenye kopo la biskuti. Kila kitu kiko safi. Mama hakudanganya hata kidogo.

Baridi ya Mbeya ndiyo iliyoziokoa. Zingekuwa Dar zingeshaiva.

Sekela akaninong'oneza basi tumwambie Mama avitoe. Nikamwambia mwambie wewe. Naye hakuthubutu. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatabasamu, anasubiri asifiwe. Nani atamwambia mama mkwe kwamba kazi ya mikono yake ni kosa? Ukisema leo, kesho ukoo mzima uko mlangoni unauliza kuna nini ndani ya ndoa hii. Nilikaa chini ya ile meza nikaiona Mbeya yangu, sebule nisiyoingia, uzee wangu wote uani. Niliogopa. Niliogopa sana.

Hapo akili ya Kalinga ikawaka! Kitu cha mkwe hakikosolewi. Lakini kinaombwa! Mama akiombwa kitu na mume wa binti yake, ni heshima kwake, hanyimi. Nikamvuta Sekela pindo la kitenge, nikamnong'oneza: mwambie Baba Blessing ameona vitambaa, amevipenda, anaviomba vyote kwa ajili ya nyumba yake, na anaomba vivuliwe leo hii visije vikachafuka.

Sekela akasema. Nikasikia Mama analia. Alikuwa analia kwa furaha! Akasema miaka yote hii hakujua kama mkwe wake anazitazama kazi za mikono yake. Iliniuma kidogo pale chini, kwa sababu vitambaa vyenyewe kweli ni vizuri, hasa kile cha zambarau.

Akavivua kimoja kimoja. Sekela akamwambia sasa nyuma kumebaki wazi, tuzirudishe zile waya angalau paonekane pamejaa. Mama akazirudisha, kila mmoja kwenye spana yake. Nikawaita Wanyapara. Kimya bado! Lakini hilo nalijua. Mnyapara akikaa muda mrefu bila waya huwa anazubaa, na kuizima seva hakumgusi. Dawa ni kuchomoa umeme wenyewe, kusubiri kidogo mpaka azimike kabisa, kisha kuchomeka upya. Ila kumwambia mkwe asubiri ni kumpa amri. Sekela, Mungu ambariki, akasema, "Mama, kila ukichomoa moja, tuimbe."

Mama ni Mmoraviani. Akachomoa seva ya kwanza, akaimba wimbo wa kanisani, beti zote na kiitikio, akachomeka. Ya pili, wimbo mwingine. Nilihitaji nusu dakika kwa kila seva, nikapata ibada nzima. Sekela alishika sauti ya pili. Mimi niliimba besi, kimoyomoyo, chini ya meza.

Wimbo wa mwisho ulipoisha nikaita. Mnyapara wa kwanza akaitika! Wa pili! Wa tatu! Wote wako hai, wote wananitii! Nimelia. Mwanaume mzima nimelia chini ya meza ya jikoni, sina aibu.

Dosari ndogo: kuchomoa umeme kumefuta hesabu za viazi ambazo Obeid alizianzisha wiki iliyopita. Nimemtumia pole.

Ijumaa, 20 Juni

Kiti ni changu!

Niandike kwa utaratibu, wajukuu watakuja kusoma. Ukumbi ulijaa wajumbe wa bodi na makoti yao ya baridi. Nikaonyesha ukutani joto la kila seva, zote zinapumua vizuri. Nikasema, waheshimiwa, sasa naizima seva ya nne iliyoko Mbeya, nikiwa hapa hapa. Nikabonyeza. Ikazimika. Makofi.

Kabla sijaiwasha, ikawaka yenyewe.

Obeid akaegemea mbele, akauliza kwa ule upole wake wenye sumu, imekuwaje, Bwana Kalinga. Nikausikia mdomo wangu unajibu.

"Inajiponya," nikasema.

Ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Mzee mmoja wa bodi, mwenye shamba la chai Mufindi, akaomba niizime nyingine. Nikazima ya pili. Ikajiponya. Nikazima ya saba. Ikajiponya, ingawa kwa uvivu. Nikazima tatu kwa mpigo. Zikachelewa, lakini zikarudi, moja baada ya nyingine. Yule mzee akasimama kupiga makofi, na wote wakasimama.

Simu ikatetemeka mfukoni. Sekela ameandika: Mama anauliza nani anazimazima mashine zake, amekimbia kubonyeza vitufe huku na huku mpaka magoti yanamuuma. Nikarudisha simu mfukoni, nikainama mbele ya bodi.

Mama Verediana akanishika mkono, akatangaza kiti ni changu. Obeid alinipongeza kwa sura ya mtu aliyemeza kwinini. Kisha mkurugenzi akasema, kwa kuwa seva zinasimamika kwa mbali, na tena zinajiponya zenyewe, chumba cha Mbeya hakihitaji mtunzaji. Kifungwe leo hii, na yule mama anayekitunza alipwe haki zake akapumzike. Akauliza nani anaunga mkono hoja.

Niliunga mkono. Nilinyoosha mikono yote miwili. Nilikuwa wa kwanza.

Jumapili, 22 Juni

Naandika nikiwa nimekalia ndoo, nyuma ya banda la kuku. Hewa ni nzuri.

Mama mkwe alifika jana na basi la asubuhi, na masanduku yake, sindano zake za kufumia na vitambaa vyote. Amehamia kwetu. Sekela anasema kazi hana tena, akae Mbeya peke yake afanye nini, na hasa Baba Blessing alivyoonyesha moyo kwenye vile vitambaa. Mama hakumlaumu mtu. Aliongea akiwa nyuma ya mlango, akasema tu ana wasiwasi na vumbi kule, sasa nani atapangusa. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Ilipita nilipoona sebule imechukuliwa.

Televisheni iko kule. Kochi langu liko kule. Mimi siingii. Chakula napitishiwa dirishani. Usiku nilizunguka nyumba kwa nje ili nifike chumbani kwangu, mbwa wa jirani akanifanya mwizi. Mkuu wa Mitambo! Mwizi!

Kupunguza mawazo, jana mchana nilikwenda dukani kwa Huzefa, anayetuuzia vifaa vya mtandao pale mjini. Nikamweleza habari za seva zinazojiponya. Hakuamini. Nikafungua laptop, nikamwonyesha. Nikazima zote nane. Nikaona haitoshi, nikaizima na swichi inayowaunganisha Wanyapara na dunia, ili ashangae vizuri. Tukangoja. Huzefa akaagiza chai ya maziwa. Tukangoja. Akaniuliza, taratibu sana, kama hiyo swichi siyo njia ninayopitia mimi kuingia. Nikamjibu kwamba kupona kunataka subira.

Mpaka leo jioni hazijapona. Nimewaita Wanyapara tangu asubuhi, siwafikii. Ni lazima mtu aende Mbeya aiwashe swichi kwa mkono.

Na hapo, hapa hapa kwenye ndoo, ukanijia mpango bora kuliko mipango yangu yote! Mama yuko Iringa. Nyumba yake ya Mbeya ni tupu. Sebule tupu! Naweza kukaa katikati ya kochi, miguu juu ya meza, kutwa nzima, na hakuna adabu ya ukwe ya kunitoa. Nikampigia Mama Verediana papo hapo. Nikamwambia nimefanya utafiti wa kina, seva hizi hazisimamiki kwa mbali hata kidogo, zinamhitaji mtu wa kulala nazo, na mtu huyo ni mimi. Akasema sawa, Kalinga, kiti atapewa Obeid. Nikamshukuru sana. Obeid maskini, hajui amebebeshwa nini.

Nikamweleza Sekela dirishani. Nikasisitiza Mama asijisumbue na lolote, apumzike hapa hapa. Sekela akaenda sebuleni kumwambia. Nikasikia vigelegele! Sekela akarudi, akasema Mama amefurahi kupita kiasi, anasema mkwe aliyempenda kiasi kile hatamwacha alale njaa. Maneno mazuri. Nimeguswa.

Sasa hivi Mama anafunga masanduku, nadhani anapanga vizuri vitu vyake. Sekela ameshakata tiketi za basi la kesho alfajiri, mbili. Ya pili bila shaka ni ya kurudia.